Maswali ya Gizani, Soweto Mbeya

Ukimaliza chuo cha uuguzi unapewa cheti, lakini bila leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga cheti hicho ni cha kuwaonyesha wazazi tu. Sheria ya mwaka 2010 haina utani. Na sisi, kabla ya leseni, kulikuwa na mtihani. Tukabaki wanne Mbeya, kwenye chumba cha kupanga kule Soweto, tukipiga msuli. Kurudi nyumbani tulikuogopa. Huko ungetumwa sokoni na kupelekwa misibani mpaka siku ya mtihani ikukute hujafungua daftari.

Jioni ninayoikumbuka tulikuwa tumejifunika vitenge, baridi la Mbeya mnalijua, madesa, yaani notsi zetu, yametapakaa kitandani hadi sakafuni. Kaka mmoja alikuwa na kalamu za rangi: njano kwa dalili, kijani kwa dawa, pinki kwa yale ambayo "lazima yatoke". Kurasa zake karibu zote zilikuwa pinki. Saa mbili na kitu umeme ukakatika. Simu zilikuwa zinakata roho, mshumaa hatuna, duka limefungwa. Kaka akaanza kukusanya kalamu zake alale.

"Unalala wapi wewe?" akauliza Mama. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa ametuzidi sana umri. Alikuwa mhudumu wa zahanati kijijini kabla ya kuja chuo. "Zahanati haina taa, mzazi yuko kitandani. Utamwambia asubiri ufungue desa? Haya. Mtoto katoka sasa hivi. Ndani ya dakika moja unampa mama nini?"

"Oksitosini," nikajibu haraka, nikiitaja dawa ya kuzuia mama asivuje damu nyingi, "yuniti 10, sindano kwenye msuli."

"Kabla hujachoma unahakikisha nini?"

Kimya. Akajibu mwenyewe: unapapasa tumbo, usije ukakuta kuna mtoto wa pili.

Akahamia kifafa cha mimba. Dada mwenzetu alikuwa anaijua dawa yake, magnesiamu salfeti, kama wimbo wa kwaya: gramu 4 kwenye mshipa taratibu, gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako, halafu 5 kila baada ya saa 4. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Vizuri mwanangu. Saa 4 zimetimia, na mgonjwa anapumua mara 12 kwa dakika. Unachoma?"

Wimbo ukakatika. Tukabishana gizani karibu tugombane, mpaka tukalivuta jibu vipande vipande, huyu hiki, yule kile: huchomi. Pumzi zikishuka chini ya 16, au goti lisiporuka ukiligonga, au mkojo ukiwa chini ya mililita 30 kwa saa, dozi inasubiri maana dawa imezidi mwilini, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga, iwe karibu. Sote tulikuwa nayo kwenye madesa. Kaka alikuwa nayo kwa pinki.

Dripu ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Lita moja, saa 8, mrija (seti) unaotoa matone 20 kwa kila mililita: matone mangapi kwa dakika? Bila karatasi wala kikokotoo, kanuni ile ndefu haikai kichwani. Dada akanong'ona peke yake, kisha akapiga kelele: "Gawa kwa 3 tu!" Na kweli. Lita moja kwa saa 8 ni mililita 125 kwa saa; dakika 60 ukigawanya kwa matone 20 unapata 3; kwa hiyo 125 kwa 3, matone 42 hivi. Hakuna mwalimu aliyetuambia hivyo, na sijaisahau mpaka leo.

Miaka baadaye nilisoma kuhusu jaribio la Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, la mwaka 2006. Waliorudia kusoma walifanya vizuri walipopimwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja, waliokuwa wamejipima kwa kukumbuka bila kuangalia maandishi wakawapita. Nikacheka peke yangu. Mama hakuhitaji maabara.

Kuanzia kesho yake nilikata maboksi ya glavu nikatengeneza kadi, swali mbele, jibu nyuma. Maswali niliyoyapata yalikwenda mkoba wa nyuma, niyarudie baada ya siku kadhaa; yaliyonishinda yalikaa mfukoni, nikiyatoa hata kwenye foleni ya maji. Maswali niliyatunga kwa mtindo wa Mama: daima kuna mgonjwa, na daima kuna kitu kimeharibika. Swali la "taja dalili tano" sikuliandika hata moja, maana halikufanyi ufikiri.

Kaka hakushawishika. Umeme uliporudi aliwasha taa, akachukua kalamu ya pinki, akaendelea alipoishia. Tulifaulu wote wanne, naye akiwemo, na tukikutana mpaka leo hunikumbusha hilo kabla hata ya salamu.