Miche ya pilipili mbuzi iliyodumaa chumbani: kumbukumbu ya Juni hadi Agosti

Leo asubuhi, tarehe 17 Agosti, nimepima mche wa kumi na mbili katika mstari wa tatu wa trei na kukuta una sentimita 7 kutoka kwenye kokopiti (unga wa makumbi ya nazi ninaooteshea badala ya udongo) hadi nchani, ukiwa na majani sita kamili ya kijani kilichokoza. Mwezi mmoja uliopita mche huohuo ulikuwa na sentimita mbili na nusu, majani yake mawili ya mbegu yalikuwa yamekakamaa kama karatasi, na majani ya kweli yaliyofuata hayakuzidi ukubwa wa punje ya mchele. Nimeamua kuandika kwa sababu nimehangaika na udumavu huu kwa wiki nyingi, na kwa sababu chanzo chake kilikuwa mahali ambapo nilikwisha kupatazama mara mbili na kupaacha.

Miche hii naikuza ndani ya chumba cha nyuma hapa Arusha, kwenye rafu ya chuma yenye taa za LED nyeupe, katika trei ya matundu 128 iliyojazwa kokopiti na perlaiti, yaani punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano. Nilisia mbegu 64 tarehe 2 Juni, mistari minne ya matundu 16, na kati ya tarehe 14 na 20 miche 53 ilikuwa imechomoza. Mpaka hapo sikuwa na la kulalamikia, kwa kuwa kila aliyewahi kuotesha pilipili mbuzi anajua kwamba mbegu zake si za haraka. Kilichoniumiza ni kwamba baada ya kuchomoza miche ilisimama palepale. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu ikapita, nami kila asubuhi nilikuwa napiga picha ya trei na kuilinganisha na ya jana bila kuona tofauti yoyote.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa baridi, na kwa haki kabisa. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hapa si wa mchezo: chumba changu kilikuwa kikishuka hadi nyuzi 16, kiwango ambacho pilipili hukaa tu bila kukua. Hata hivyo trei ilikuwa juu ya mkeka wa joto, na kipimajoto nilichokichomeka ndani ya kokopiti kilisoma nyuzi 26 hadi 27 usiku na mchana. Umeme ulipokatika niliifunika trei kwa blanketi, na hata katika usiku ule mbaya zaidi kokopiti haikushuka chini ya nyuzi 20. Baridi ikatoka kwenye orodha.

Nikahamia kwenye mwanga. Taa zilikuwa sentimita 30 juu ya miche na programu ya simu ilionyesha takriban laksi 10,000, zikiwaka saa 16 kwa siku. Mwanga huo unaitosha miche. Na zaidi ya hapo, mche wenye njaa ya mwanga hurefuka na kuwa mwembamba kama uzi, ilhali ya kwangu ilikuwa mifupi, minene na migumu. Kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche mchanga, nacho nilikiondoa mapema kwa sababu hakuna shina hata moja lililonywea chini. Nilichomoa mche mmoja kwa uma wa mezani ili nione mizizi yake, nikaikuta michache lakini myeupe, bila harufu ya kuoza. Chumvi za kokopiti nilikwisha kuzishughulikia kabla ya kusia, kwa kuiloweka kokopiti katika maji yenye kalsiamu naitreti na kuisuuza mara tatu.

Karibu na tarehe 5 Julai dalili mpya ilijitokeza, na laiti ningeisoma vizuri siku hiyohiyo ningeokoa wiki nzima. Majani machanga ya kweli yalianza kuwa ya manjano, lakini si manjano ya jani zima. Nilipoyatazama kwa kioo cha kukuzia niliona mishipa ya jani imebaki ya kijani, myembamba kama nyuzi za buibui, na nafasi zote kati ya mishipa zimepauka hadi kukaribia weupe, huku majani ya mbegu chini yake yakiwa bado ya kijani. Mche wenye upungufu wa naitrojeni hupauka kuanzia majani ya zamani, kwa sababu huihamisha naitrojeni kwenda juu. Madini ya chuma hayahamishiki kwa urahisi hivyo, na ndiyo maana upungufu wake huanzia kileleni. Nikaenda duka la pembejeo, nikanunua chuma cha EDTA, yaani chuma kilichoshikwa na kemikali ili kibaki kimeyeyuka, nikamwagilia. Kwa siku nne miche ilipata rangi kidogo, kisha ikarudi kulekule.

Hapo ndipo nilipoitoa kabatini kalamu ya pH, yaani ya kupima asidi (namba ikiwa chini ya 7 ni asidi, ikiwa juu ya 7 ni kinyume chake), na naomba niseme neno kuhusu kalamu hizi. Ile ya bei ndogo inafaa kabisa ikitunzwa: isawazishwe kwa vimiminika vya 4.01 na 6.86 kila baada ya siku chache, na ncha yake ihifadhiwe katika myeyusho wa kloridi ya potasiamu, kamwe isiachwe kavu wala kutumbukizwa katika maji yaliyokenekwa. Karatasi za rangi sizipendekezi kwa kazi hii, kwa sababu katika maji ya kokopiti yaliyo na rangi ya chai haiwezekani kusoma kitu. Nilikamua kokopiti kutoka matundu matatu juu ya kikombe na kalamu ikasoma 7.9. Siku ya kusia, kokopiti hiyohiyo ilikuwa 6.2.

Kwa hiyo chuma hakikuwa kimekosekana; kilikuwa kimefungwa. Katika 7.9 chuma hugeuka kitu kisichoyeyuka, na EDTA nayo huanza kukiachia pH inapopita takriban 6.5, kwa hiyo pesa yangu ya duka la pembejeo ilikuwa imezama kwenye kokopiti bila kufika mizizini. Swali likabaki moja tu: ni kitu gani kilichoipandisha pH kwa namna hiyo ndani ya wiki tano?

Maji nilikuwa nimeyapima mwanzoni, yakasoma 8.3, nikayaacha. Nilikuwa na sababu mbili za kuyaamini. Ya kwanza ni kwamba birika langu halina ukoko mweupe. Nimekulia pwani, ambako maji ya visima vya mawe ya matumbawe hulivisha birika chokaa hadi ligome kuchemka upesi, nami nikaamini kwamba maji yasiyoacha ukoko ni maji laini yasiyo na neno. Ya pili ni kwamba nyanya zangu za nje, zinazonyweshwa maji ya kisima hikihiki kirefu cha mtaa wetu, zimestawi vizuri. Nilijaribu hata kuyachemsha, nikidhani kwamba kama kuna chokaa kidogo itatua chini. Yalipopoa kalamu ikasoma 9.0. Nilifikiri kalamu imeharibika, nikaisawazisha upya, ikasoma 9.0 tena.

Aliyenifumbua macho ni mama jirani. Jumamosi ya tarehe 11 Julai nilipita mlangoni kwake na ndoo mbili wakati anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo miche yako bado imelala?"

"Bado, mama. Nimeibadilishia kila kitu."

"Na maji je? Maji haya yana magadi. Nilipokuwa Tanga maharage nilikuwa nayatia magadi ndipo yaive; tangu nihamie hapa sijatia hata siku moja, na yanalainika yenyewe."

Niliziweka ndoo chini. Magadi ni kaboneti na bikabonati ya sodiamu, na chumvi za sodiamu haziachi ukoko kwenye birika kama chokaa, kwa sababu zinabaki zimeyeyuka. Zikichemshwa, hewa ya kaboni hutoka, bikabonati hugeuka kaboneti, na pH hupanda badala ya kushuka. Tunaishi chini ya Mlima Meru, katika miamba ya volkano ambayo imeujaza ukanda huu maziwa ya magadi, kuanzia Momella hapa karibu hadi Natron kule kaskazini. Yote hayo niliyajua. Sikuwa nimeyaunganisha na trei yangu.

Jioni hiyo nilifanya jaribio ambalo naliona ni la maana kuliko vyote vilivyotangulia. Nilikamua ndimu, nikachuja maji yake kwa kitambaa, nikayavuta kwa kidonea cha dawa ya macho kilichooshwa. Nilimimina mililita 100 za maji ya kisima katika glasi, nikatumbukiza kalamu, nikaanza kudondosha na kukoroga, tone baada ya tone. Matone matano, kalamu inasoma 7.1. Matone kumi, 6.5. Nilifika 4.5 kwa tone la 27. Kisha nikachukua maji ya mvua ambayo mama jirani alinigawia kutoka kwenye simtanki lake la masika: matone mawili tu, na kalamu ikawa tayari imepita 4.5 kwenda chini. Ili nijue ukubwa wa tatizo, niliyeyusha soda ya kuokea katika maji hayohayo ya mvua kwa uwiano wa gramu 5 kwa ndoo ya lita 10, yaani kijiko kimoja cha chai, nikaanza upya. Matone 28. Kwa maneno mengine, tangu Juni nilikuwa nikiinywesha miche yangu maji yenye nguvu sawa na ndoo iliyotiwa kijiko cha soda, na kila umwagiliaji uliacha sehemu yake ndani ya tundu.

Ndiyo maana namba ya pH peke yake inapotosha. Maji ya 8.3 yenye bikabonati chache hayana madhara, kwa kuwa kokopiti huyashinda mara moja. Maji ya 8.3 yenye bikabonati nyingi huishinda kokopiti kidogo kidogo. Tundu la trei ya 128 lina kokopiti ya vijiko vichache tu, kwa hiyo halina akiba ya kujitetea, wakati kitanda cha nyanya nje kina udongo wa kina kirefu, na kila masika mvua hukisuuza.

Sikutaka tena kuamini fikra yangu bila ushahidi, hivyo tarehe 13 Julai niliigawa miche 48 katika mafungu manne ya miche 12. Fungu la kwanza liliendelea na maji ya kisima kama yalivyo. La pili lilipata maji ya kisima yaliyoshushwa hadi 5.8 kwa unga wa asidi ya sitriki. La tatu lilipata maji ya mvua. La nne lilipata maji ya kisima na mbolea maradufu, kwa sababu watu watatu niliowaomba ushauri waliniambia miche ina njaa tu. Mbolea ilikuwa ileile ya NPK 19-19-19, nusu gramu kwa lita, na gramu moja kwa fungu la nne.

Siku ya sita, vilele vya fungu la tatu vilianza kuwa kijani kuanzia kitako cha jani kuelekea ncha. Nilikaa mbele ya rafu kwa muda mrefu siku hiyo. Kufikia tarehe 27 Julai mafungu ya pili na ya tatu yalikuwa na jozi mpya ya majani, kokopiti ya la pili ikisoma 6.4 na ya la tatu 6.7. Fungu la kwanza halikusogea. Fungu la nne liliungua kingo za majani, na miche miwili ilikufa. Tarehe 10 Agosti urefu wa wastani ulikuwa sentimita 2.6 kwa la kwanza, 4.8 kwa la pili na 6.1 kwa la tatu.

Tofauti kati ya la pili na la tatu naielewa hivi: asidi huiondoa bikabonati lakini sodiamu inabaki palepale, na pilipili mbuzi changa haifurahii sodiamu. Kuna waliopendekeza nichuje maji kwa mkaa wa mifupa, kama unaotumika hapa Arusha, na kufanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto, kupunguza floraidi ya maji ya kunywa. Naiheshimu sana kazi hiyo, kwa sababu floraidi ya ukanda huu imeharibu meno na mifupa ya watu wengi, lakini mkaa huo hunasa floraidi na hauyaondolei maji magadi, kwa hiyo si dawa ya tatizo langu.

Nilikuwa nimepanga kutumia Agosti kulinganisha urefu wa taa, sentimita 20, 30 na 40, na hata vibao vya kuninginizia nilikwisha kukata. Nimeviweka kando. Maji ya mvua niliyobakiwa nayo ni lita 60 tu na kiangazi bado kirefu, kwa hiyo akili yangu yote sasa iko kwenye utambi: kamba ya pamba iliyopitishwa chini ya kila kopo hadi kwenye beseni lililofunikwa, ili mche unywe kiasi unachohitaji bila tone kupotea juu. Makopo sita ya majaribio yamefanya kazi kwa siku nne, na beseni limepungua mililita 700. Kamba ya nailoni niliyoanza nayo haikupandisha maji hata kidogo. Ya pamba, ikichemshwa kwanza ili kuondoa nta, hupandisha ndani ya saa moja.

Kesho nahamisha miche yote ya fungu la tatu kwenye makopo yenye utambi. Fungu la kwanza nimeanza kulisuuza kwa mchanganyiko wa nusu mvua na nusu kisima chenye asidi, na jana jioni mche mmoja kati ya ile kumi na miwili ulikuwa na doa dogo la kijani kwenye kitako cha jani lake changa. Fundi wa mabati atakuja Jumamosi kupima mfereji wa paa, ili vuli ya Novemba inikute na pipa langu mwenyewe.