Bado Mapema

Nilipanga leo niandike kuhusu mkutano. Mkutano ulikwenda vizuri, bei yetu wameikubali, mkataba utasainiwa Alhamisi, na nyote mlioniombea tangu ile barua yao ya kwanza ya kutukataa, asanteni sana. Begi langu kubwa halijafika. Shirika la ndege linasema lipo, ila halisemi lipo wapi. Basi, hayo yameisha. Tuje kwenye treni.

Kwa kuwa begi halijafika, asubuhi nilivaa gauni lilelile la safari, lile pana la kijani ambalo Dada huliita hema. Mimi na Mzee tulipandia Earl's Court, laini ya District, kuelekea Monument kwenye eneo la mabenki. Saa mbili na nusu, muda ambao kila mtu anakwenda kazini. Msongamano niliutarajia. Sikutarajia kwamba msongamano wa London ni wa kimya: watu wamebanana bega kwa bega, hakuna anayesema neno, kila mmoja anatazama juu ya kichwa cha mwenzake. Treni za laini hiyo hazina kuta kati ya mabehewa, kwa hiyo ukisimama katikati unaiona yote ikijipinda kwenye kona, imejaa vichwa tu. Boksi la sampuli za vitambaa nimelikumbatia tumboni maana pa kuliweka hapakuwepo.

Tulipoondoka Sloane Square, bibi mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha kipaumbele, koti la mvua na viatu vya raba, akasimama. Nikadhani anashuka, nikampisha. Kumbe hashuki. Akanigusa kiwiko.

"Keti, mwanangu."

"Hapana, bibi, kaa tu. Mimi niko sawa."

"Keti. Beji hujavaa, lakini macho ninayo."

Beji aliyoisema ni hii: huku wajawazito hupewa bure kibeji cheupe cha duara cha kubandika kwenye koti, kimeandikwa kwamba mtoto yumo, ili abiria wawapishe bila maswali. Nilishaziona mbili tatu kituoni nikageuza macho. Mnaojua mwaka wangu uliopita mnajua kwa nini.

Nikaketi. Bibi akashika nguzo, akainama kidogo.

"Miezi mingapi?"

"Bado mapema," nikasema.

Siku nzima nimekuwa nikiirudia hiyo. Kwenye lifti. Kwenye foleni ya kupewa kitambulisho cha wageni. Mzee anaeleza historia ya kampuni, mimi niko Sloane Square. Ningeweza kumwambia umekosea, bibi wa watu akaona haya mbele ya behewa zima. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa hadi saa sita mchana, kwamba nilikuwa namstahi mtu mzima. Ilipofika saa sita sababu yenyewe ikaanza kuvuja. Sikuwa namstahi mtu. Jibu lilitoka lenyewe, bila kigugumizi, na nilipolisikia nikalipenda. Kutoka Victoria hadi Blackfriars, alikoshukia yeye, nilikuwa mjamzito na ilikuwa raha. Kijana mmoja alisogeza begi lake la mgongoni ili lisinigonge. Mwanamke wa upande wa pili alinitabasamia kidogo. Mabega yalishuka. Mkono niliuweka juu ya boksi, namna ile wanavyouweka. Na kinachoniuma si kwamba bibi alikosea. Kinachoniuma ni kwamba alipoaga nilitaka aendelee kuuliza. Ningejibu yote. Jina ningekuwa nalo, mnalijua.

Kabla ya kushuka aliniambia, "Usibebe vitu vizito," halafu akamtazama Mzee aliyesimama mikono mitupu. Mzee akachukua boksi.

Hapa sasa ndipo siku ilipogeuka. Mzee huyu ni yule wa kisa cha kiyoyozi. Hajawahi kumbebea mtu hata kalamu. Leo amebeba boksi hadi ofisini kwa wenyeji, amenivutia kiti, amenijazia maji glasi kila ilipopungua. Nikiwa katikati ya jedwali la gharama za usafirishaji akainua mkono kama mwanafunzi, akaomba dirisha lifunguliwe kidogo "kwa ajili ya mwenzangu". Wenyeji wakaangaliana. Yale madirisha hayafunguki, ni ghorofa ya kioo. Wakaleta feni. Nikamaliza jedwali nikiwa nimejiuma shavu kwa ndani nisicheke.

Tulimaliza mapema, Mzee akataka kuupanda mnara uliokipa kituo jina, ule wa kumbukumbu ya moto mkubwa wa 1666. Ulikamilika mwaka 1677, una futi 202 kwenda juu, na inasemekana ndio umbali kutoka hapo hadi Pudding Lane, kwa mwoka mikate ambako moto ulianzia. Ngazi 311 za kuzunguka. Lifti hakuna.

"Wewe nisubiri chini," akasema.

"Kwa nini?"

"Ukizingatia hali."

"Mzee, sina hali yoyote."

Akanitazama, akalitazama gauni. "Lakini ulimwambia yule mama bado mapema."

"Ndiyo, nilimwambia."

Akawaza kidogo. Mtu mwingine angeuliza. Mzee alinirudishia boksi.

Nimepanda ngazi zote nikiwa nalo, na ni mimi niliyekuwa nasimama kumsubiri yeye, anahema chini yangu akisingizia kusoma simu. Juu kuna upepo, mto, Tower Bridge, na maghorofa ambayo yameshaupita mnara wenyewe kwa mbali. Ukishuka wanakupa cheti. Chake amekiweka kwenye faili moja na rasimu ya mkataba.

Mwenzangu alipiga saa tatu usiku kutoka kambini. Nikamweleza mkataba, begi, Mzee na dirisha. Kisa cha dirisha bila kisa cha kiti hakina kichekesho. Alinyamaza, anangoja mwisho wake. Nikasema nina usingizi. Hapa hasomi, tulishakubaliana hivyo zamani.

Nilikuwa nifunge kompyuta, ukaingia ujumbe wa mdogo wangu niliyemwachia nyumba. "Dada, maji yanafungiwa wapi?" Hakuna salamu, hakuna maelezo. Nimemjibu: koki kuu iko nyuma ya nyumba, chini ya kile kifuniko cha bati, izungushe kulia. Ujumbe haujafika. Nimepiga, inaita tu. Nimepiga tena. Zulia la sebuleni tulilinunua mwezi uliopita.