Nilivyowakutanisha wanafunzi wenzangu kwa wikiendi moja Dar es Salaam

Grupu letu la WhatsApp la tuliomaliza kidato cha nne pamoja lina watu 34. Kwa miaka sita tumepeana pole za misiba, tumepongezana kwa harusi na watoto, na kila mazungumzo yakifika ukingoni mtu huandika neno lilelile: tutafutane. Hatukuwa tukitafutana. Mwaka jana, mwezi wa tano, tulikwenda makaburi ya Kinondoni kumzika mama wa mwenzetu. Tulikuwa tisa. Baada ya dua tulisimama pembeni tukaulizana habari, nikagundua sijui hata majina ya watoto wa watu niliolala nao bweni moja miaka minne. Usiku uleule niliandika kwenye grupu kwamba nitaandaa wikiendi moja, hapahapa Dar, tule, tutazame filamu, tutembee. Tarehe nikaitaja palepale.

Sikuuliza "mna nafasi lini?" Swali hilo nililishuhudia likiua mipango mitatu kabla ya huu wangu. Ukiwauliza watu 34 wachague siku, unapata siku 34 na ugomvi juu yake. Nilichukua kalenda nikachagua mwenyewe wikiendi ya kwanza ya mwezi wa nane: mishahara imeingia, ada za muhula zimeshalipwa, na ni kipupwe, jua la Dar halimchomi mtu mpaka akajuta kutoka nje. Waliokuwa na safari walisema mapema, na hakuna aliyenuna.

Kosa langu lilikuwa kwenye mchango. Nilijumlisha kila kitu, filamu, samaki wa Jumamosi asubuhi, chakula cha usiku, nikapata shilingi 60,000 kwa kichwa, nikaweka namba ya M-Pesa na siku ya mwisho. Wiki mbili zikapita. Watu sita wakatuma. Wengine walinitumia vidole gumba na mioyo, na zaidi ya nusu walisoma wakanyamaza. Niliumia. Nikaanza kusema moyoni kwamba hawa watu hawajali, wanapenda maneno tu.

Aliyenizindua ni aliyekuwa kiranja mkuu wetu, ambaye siku hizi anauza spea eneo la Gerezani, karibu na Kariakoo, na bado tunamwita Kiranja. Alinipigia simu asubuhi moja akaniuliza, "Dada, hiyo elfu sitini, umeweka nauli ya mtu wa Chanika? Umeweka na atakayebaki na watoto?" Kisha akasema nisiandike tena kwenye grupu. Nipige simu, mmoja mmoja, kwa wale walionyamaza.

Nilipiga simu 21 kwa jioni nne. Huu ndio ulikuwa moyo wa kazi nzima, na kama nisingeufanya, yote yaliyofuata yasingekuwapo. Wengi walikuwa na sababu za kawaida: zamu ya hospitali, mkesha, safari ya Dodoma. Lakini saba, kila mmoja kwa njia yake ya kuzunguka, walinieleza kwamba hawana. Mmoja ni mwanamke aliyekuwa akikaa nami dawati moja. Tangu mumewe augue anakaanga maandazi Mbagala, na kwenye grupu hakuwa ameandika chochote kwa mwaka mzima. Mimi nilidhani ametususa. Akaniambia, "Mwenzangu, mimi nasoma kila mnachoandika. Nikijibu tu, nitaulizwa mchango."

Nililala na sentensi hiyo. Asubuhi niliufuta mpango wa elfu sitini nikauvunja vipande. Filamu ya Ijumaa, 15,000, kwa anayetaka. Chakula cha Jumamosi usiku, 20,000, kwa anayetaka. Jumapili jioni kila familia ijilipie. Na Jumamosi asubuhi, matembezi ya baharini na samaki, bure kwa kila mtu, bila kujiandikisha. Hela ya samaki ilitoka mbali: mwenzetu mmoja yuko Muscat, mwingine yuko Minnesota, na wote wawili walikuwa wakiniuliza watachangiaje na hawapo. Nikawaambia wanunue samaki. Wakatuma 100,000 kwa pamoja, nikaliandika jambo hilo wazi kwenye grupu: samaki ni zawadi ya walio mbali kwa wote walio karibu. Hapo hakuna aliyesaidiwa na hakuna aliyesaidia. Kila mtu alikuwa mgeni wa wale wawili.

Ndani ya siku tatu walijiandikisha 14 kwa filamu na 16 kwa chakula cha usiku.

Filamu tulitazama Mlimani City, Barabara ya Sam Nujoma. Nilipachagua kwa sababu mtu wa Kimara, wa Tegeta na wa Sinza wote wanapafikia kwa gari moja au mawili, na baada ya filamu bodaboda na teksi zipo tele. Filamu yenyewe niliteua tatu tu, nikasoma kwanza kila moja inafaa umri gani na ina mambo gani, kwa kuwa tuna mama mchungaji na tuna ustadhi kati yetu na sikutaka yeyote atoke katikati kwa aibu. Wakapiga kura. Tiketi nilizinunua Jumatano dirishani, mkononi, safu mbili za katikati zinazofuatana. Viti vikitawanyika mmekwenda sinema peke yenu, ila kwa siku moja.

Onyesho lilikuwa saa 2 usiku. Kwenye grupu niliandika: tukutane saa 12 jioni, tule kidogo kwanza. Anayeijua Ijumaa ya Dar anajua kwa nini. Foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi kutoka Posta haimwonei huruma mtu, na filamu haisubiri. Wa kwanza alifika saa 12 na robo, wa mwisho saa 2 kasorobo, na hakuna aliyekosa mwanzo. Yale masaa mawili ya kusubiriana, na bisi mkononi, yaligeuka kuwa sehemu tamu kuliko filamu. Kila aliyetokea mlangoni alipokewa kwa kelele za jina lake la shule.

Nilipomsimulia mama yangu, alinicheka kidogo kwamba ninaona nimegundua jambo jipya. Ujana wao walikwenda Avalon na Empire mjini, na Jumapili ilikuwa siku ya familia, watu wanavaa nguo za kutokea. Na walikwenda drive-in ya Msasani, pale ambapo leo upo ubalozi wa Marekani. Wanaingia na gari, wanashuka na vyakula na majamvi, na jirani anakaribishwa asiyejulikana hata jina. Mama alisema filamu nyingi amezisahau. Waliokaa nao jamvini anawakumbuka.

Jumamosi sikujua nitegemee wangapi. Nilisimama upande wa Upanga wa Daraja la Tanzanite saa 12 na nusu asubuhi nikiwa na Kiranja na katoni mbili za maji. Daraja hili lilianza kutumika 2022, lina urefu wa takriban kilomita moja juu ya bahari, na asubuhi ya Jumamosi lina watu wa mazoezi na upepo ambao hutaupata popote mjini. Tulihesabu: watatu, watano, tisa. Ilipofika saa 1 tulikuwa 19. Na kutoka upande wa kituo nikamwona yule wa Mbagala anakuja, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali, ndoo ndogo ya maandazi mkononi. Alitoka nyumbani saa 10 alfajiri, akakaanga kwanza. Nilimkimbilia. Hatukusema kitu kwa muda.

Tulivuka daraja mpaka ng'ambo ya Oysterbay tukarudi, kisha tukafuata Barabara ya Barack Obama kando ya bahari kuelekea soko la samaki la Feri, taratibu, wawili wawili na watatu watatu. Matembezi yana faida moja ambayo meza ya chakula haina: unabadilisha wa kuongea naye bila kuonekana umemkimbia mwenzako. Mpaka tunafika sokoni nilikuwa nimeongea na karibu wote. Mmoja alinieleza habari ya ndoa yake ambayo mezani, mbele ya macho kumi na sita, asingeitamka.

Feri ukienda na watu 19 usiwaache wote waingie kununua. Muuzaji akiona kundi, bei inapanda. Tulimtuma mwenzetu mmoja mzaliwa wa Kigamboni, aliyekulia kwenye samaki, akaingia peke yake na mfuko. Akaangalia macho ya samaki, akafunua mashavu aone kama ni mekundu, akabonyeza mwili aone kama unarudi. Alitoka na changu, vibua na kipande kikubwa cha jodari. Tukahamia kwa wakaangaji, wale wenye makarai makubwa ya mafuta: unawapa samaki wako, wanaparua, wanakaanga, unalipia kazi. Wakati mafuta yanachemka tukala maandazi ya iliki ya Mbagala, na yakaisha kabla samaki hajaiva. Mtu wa tatu kuonja alimuuliza, "Wewe unachukua oda?" Akajibu anachukua. Hapohapo wawili wenye ofisi mjini wakaandika namba yake. Sikuwa nimelipanga hilo.

Mchana nikapata pigo. Mgahawa niliokuwa nimeweka nafasi ya watu 16 kwa simu ulinijulisha saa 8 kwamba ukumbi umechukuliwa na sherehe ya send-off. Nilikuwa nimeridhika na ahadi ya mdomo. Siku hizi nalipa sehemu ya hela mapema na kuomba risiti, hata kwa meza ya watu wanane. Siku ile nilitetemeka mikono, nikampigia Kiranja, akasema, "Twende mjini tukale kuku." Ndivyo tulivyojikuta kwenye kona ya Mtaa wa Libya na Barabara ya Morogoro, meza za barabarani, moshi wa makaa, kuku wa kuchoma, mishkaki na naani za moto. Hakuna pombe pale, na kwa kundi letu lenye dini zake hilo lilituondolea mazungumzo marefu. Tuliunganisha meza nne. Wapita njia wawili walioimaliza shule ileile miaka ya nyuma yetu walitusikia tukiimba wimbo wa shule, wakavuta viti.

Jumapili ilikuwa ya watoto, na sina mengi ya kusema zaidi ya kwamba ilifaa. Tulikwenda Kijiji cha Makumbusho saa 9 alasiri, ngoma zikipigwa, watoto wakaingia kwenye msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo wakitoka na kuingia kama nyumba ni zao. Mwanangu alirudi na rafiki kutoka Kigamboni ambaye mpaka leo wanapigiana simu kwa simu zetu.

Jumatatu asubuhi, kabla sijaenda kazini, niliweka hesabu kwenye grupu. Filamu 210,000, chakula cha usiku 320,000, zawadi ya walio mbali 100,000, jumla 630,000. Zilizotumika 608,500. Zimebaki 21,500, na picha za risiti zote nikaziweka chini yake. Nilifanya hivyo kwa sababu najua fedha za kikundi zikikaa kimya hata siku mbili, mtu huanza kuulizana na mwenzake pembeni, na sikutaka furaha ile iliwe na maswali.

Chini ya hesabu, wa kwanza kujibu alikuwa yule wa Mbagala, ujumbe wake wa kwanza kwenye grupu baada ya mwaka: "Hiyo 21,500 isigawanywe. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nani yuko darajani? Chai ya tangawizi naleta mimi." Tulikuwa 11 siku hiyo. Mwezi uliofuata mvua ilinyesha tukawa wanne, tukajibanza kwenye kibanda cha mkaangaji Feri, na chai ilitosha vikombe viwili viwili.