Namna ninavyodhibiti kalsiamu bila homoni ya parathairoidi

Siku iliyofuata upasuaji wa kuondoa tezi yangu yote ya thairoidi, kwa sababu ya goita iliyokuwa imeanza kunibana koo, midomo ilikufa ganzi na ncha za vidole zikawa zinanichomachoma. Muuguzi alinifunga mkanda wa kupimia presha, akaujaza upepo na kuuacha kwa dakika chache. Kiganja kikakunjamana kwenye kifundo, vidole vikanyooka na kubanana, na kidole gumba kikaingia ndani bila mimi kutaka. Daktari aliagiza nitundikiwe dripu ya kalsiamu kabla hata majibu ya maabara hayajatoka.

Nyuma ya thairoidi kuna tezi nne za parathairoidi, kila moja kubwa kama punje ya mchele, na ni rahisi kudhurika wakati wa upasuaji. Kwa wagonjwa wengi huamka tena baada ya wiki au miezi kadhaa. Zangu hazikuamka.

Takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno, lakini kile kidogo kilichomo kwenye damu ndicho kinachotuliza neva na kuiwezesha misuli, moyo ukiwemo, kufanya kazi. Kinapopungua, homoni ya parathairoidi huitoa kalsiamu kwenye mifupa, huziamuru figo ziibakize na kuitoa fosfeti, na huzichochea figo hizohizo kuigeuza vitamini D iwe kalsitrioli, ambayo ndiyo inayouwezesha utumbo kufyonza kalsiamu ya chakula.

Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niielewe tiba yangu. Ndugu na majirani, kwa upendo wao, walinisihi niote jua la asubuhi na kula dagaa kwa wingi. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu mwenye tezi zake. Lakini vitamini D itokayo kwenye ngozi hupita kwanza kwenye ini, kisha huisubiri figo iikamilishe, na figo zangu hazina wa kuziamuru. Kwa hiyo ninameza kalsitrioli yenyewe, iliyokwisha kukamilika.

Vidonge vya kalsiamu kabonati ninavigawa katika milo ya siku, kwa kuwa vinahitaji asidi ya tumbo na utumbo haufyonzi vizuri dozi kubwa kwa mkupuo. Dawa ya thairoidi ninaimeza alfajiri tumbo likiwa tupu, na ninaitenganisha na kalsiamu kwa angalau saa nne, la sivyo kalsiamu huizuia isifyonzwe. Nikiharisha, ninawahi kupima damu, magnesiamu ikiwemo.

Jambo gumu zaidi kulikubali lilikuwa kiwango tunachokilenga. Kwa kawaida kalsiamu ya damu huwa kati ya milimoli 2.1 na 2.6 kwa lita, nami nilitamani nifike katikati. Lakini bila homoni hiyo figo huivujisha kalsiamu kwenye mkojo, na kuipandisha sana katika damu ni kukaribisha mawe ya figo. Kwa hiyo daktari wangu hunibakiza karibu na ukingo wa chini, mradi ganzi isirudi, na hupima pia mkojo wa saa 24. Nikienda kutibiwa mahali pengine, hata kung'oa jino, jambo la kwanza ninalolitaja ni kwamba sina parathairoidi na kwamba kalsitrioli isisimamishwe.