Dakika Mbili za Dereva

Huu ni mwaka wangu wa nne katika kazi ya ukaguzi wa maegesho ya magari, na maneno ninayoambiwa mara nyingi kuliko hata salamu ni haya: "Afande, dakika mbili tu, naingia natoka." Dereva anayesema hivyo kwa kawaida hanidanganyi, kwa maana mwenyewe anaamini kabisa kwamba zitakuwa mbili.

Ndiyo maana ninaandika kila kitu. Nikikuta gari mahali penye kikomo cha muda, ninanakili namba zake, saa na dakika, kisha ninainama kutazama valvu za tairi mbili za upande mmoja, pale panapojaziwa upepo, na kuandika zimeelekea wapi kama mshale wa saa: ya mbele iko juu kabisa, kwenye saa sita, na ya nyuma iko kulia, kwenye saa tisa. Gari likiondoka na kurudi, ni nadra sana valvu zote mbili kutua tena palepale, kwa kuwa magurudumu ya mbele na ya nyuma hayapiti njia moja kwenye kona. Nikizikuta hazijabadilika, ninajua gari halikusogea, na dereva akipinga, daftari linamjibu. Wengine huchora alama ya chaki kwenye tairi, ingawa nchini Marekani mahakama moja ya rufaa iliamua mwaka 2019 kwamba kufanya hivyo ni upekuzi unaogusa haki za mwenye gari. Ninaukubali uamuzi huo. Macho na kalamu vinatosha.

Kuandika faini bila kuuliza nako ni kosa. Wakaguzi wa kwanza walipoingia mitaani London mwezi Septemba 1960, miongoni mwa waliopata tiketi za mwanzo kabisa alikuwamo daktari aliyekuwa akimhudumia mgonjwa wa moyo, na faini yake ikafutwa baadaye. Kisa hicho ninakikumbuka kila ninapokuta gari limeachwa mlango wazi.

Hata hivyo, kosa linaloniuma zaidi nililifanya kwa kusamehe. Dereva mmoja aliziba mteremko mdogo unaowawezesha wenye viti vya magurudumu kupanda njia ya waenda kwa miguu, akaniomba zile dakika mbili, nami nikampa. Akaja mama mmoja akisukuma kiti cha kijana wake. Alisimama mbele ya boneti, akatazama kushoto na kulia, kisha akakigeuza kiti na kukipitisha barabarani, katikati ya magari yaendayo kasi, huku kijana ameshika mikono ya kiti kwa nguvu. Hakunisemesha neno, wala sikuwa na neno la kumwambia.

Tangu siku hiyo, kwenye mteremko sihesabu dakika. Ninamwomba dereva aondoe gari kwanza, maelezo yake nitayasikiliza akishaondoka hapo.