Bobi na bakuli la kutwa nzima

Usiku ule nilipofungua geti, mbwa wangu Bobi hakunirukia. Alinipita kama hanijui, akaenda kusimama kwenye sufuria yake, akanitazama. Ilikuwa saa tatu kasoro. Tangu saa kumi na moja alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni.

Nauza mchele soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Mwezi wa tatu nilianza kupokea magunia ya Mabogini kulipokucha, na jioni kufunga hesabu kukawa kunachelewa. Zamani Bobi alikula saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mlo wa jioni alilishwa na kijana wangu. Kijana kaenda chuo Dodoma. Nikabaki mimi na Bobi, na kuku kumi na wanne.

Basi nikapakua ugali wa dona na dagaa, chakula cha siku nzima kwa mkupuo mmoja. Alimeza hata hakutafuna. Robo saa haikupita nikamsikia nyuma ya karo anatapika. Niliumia. Huyu ni mbwa anayelinda nyumba yangu, na namfanya ashinde njaa kisha avimbiwe.

Daktari wa mifugo ninayemwamini alinitisha zaidi. Bobi ni chotara, mama yake wa kienyeji na baba Jeman Shepadi, na amerithi kile kifua kirefu cha baba. Mbwa wa umbo hilo, akila mlo mmoja mkubwa tena kwa pupa, yuko kwenye hatari ya tumbo kujaa hewa na kujipinda. Likijipinda, ni saa chache tu, asipopasuliwa anakufa. "Mama, mgawie kidogo kidogo," akaniambia, "na kama huwezi kuwepo nyumbani, jaribu kumwachia chakula ajigawie mwenyewe. Ila uwe unamwangalia."

Nikaanza vibaya. Nilisonga ugali alfajiri, nikauchanganya na supu ya vichwa vya kuku, nikamwachia. Joto la huku kwetu Pasua tunalijua. Saa sita jirani akanipigia: "Mama, chakula cha Bobi kimejaa inzi na kuku wako wamepanga foleni." Niliporudi ule ugali ulikuwa umechacha. Chakula chenye majimaji hakiachwi kutwa nzima, kwa mbwa wala kwa binadamu.

Ikabidi ninunue chakula kikavu cha punje, kile cha mifuko. Bei yake inauma; kilo moja ni sawa na kilo kadhaa za dona. Lakini kinakaa siku nzima bila kuharibika, na nimekwishaapa kutomlisha mnyama wangu nafaka mbovu. Naomba nilisemee hili kwa sababu nafaka ndiyo kazi yangu. Watu huja sokoni kuulizia "mahindi ya mbwa", maana yake yaliyoota ukungu. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, haichagui. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na ini la mbwa haliihimili kuliko letu. Kisichofaa kusagwa kwa ajili ya watoto, usimsagie mbwa.

Kubadilisha kulichukua siku kumi. Robo ya punje na robo tatu ya ugali, halafu nusu kwa nusu, na kuendelea hivyo, maana ukimbadilishia ghafla anaharisha. Kisha nikafika kwenye jambo lenyewe: bakuli lijae asubuhi na libaki pale.

Siku ya kwanza alimaliza lote kabla sijafika barabarani kudaka bajaji. Ya pili vilevile. Nilirudi jioni namkuta ananusa bakuli tupu na roho inaniuma, nikataka kuongeza. Sikuongeza. Bobi ana kilo 22, na kipimo chake ni gramu 300 kwa siku, iwe kwa mlo mmoja au kumi. Nilichofanya ni kugawa mara mbili kwa muda: nusu alfajiri, nusu nampa jirani amwekee mchana. Siku ya sita nikakuta punje zimebaki. Nilisimama pale nikizitazama kama mtu aliyeokota hela. Bobi alikuwa ameelewa kwamba chakula hakikimbii. Wiki iliyofuata nikarudisha gramu 300 zote asubuhi, akala kidogo, akaenda kulala chini ya mparachichi.

Hapo nikadhani nimemaliza. Mwezi wa tano, mvua ikiwa bado inapiga, Bobi akawa mzito kuamka. Nikatazama bakuli, limepungua kama kawaida, nikasema anakula, hana neno. Siku ya tatu nikamfunua mdomo: ufizi mweupe kama karatasi. Kwa daktari kipimo cha joto kikaonyesha homa kali. Ugonjwa wa kupe. Akaniuliza swali moja tu, "Ameacha kula lini?"

Sikuwa na jibu. Kuku ndio waliokuwa wakila.

Hilo swali nimelala nalo usiku mwingi. Enzi za milo ya saa, mbwa akigoma kula nilijua papo hapo. Sufuria ilikuwa inanisemea. Nilipomwachia chakula kutwa, nilijiondolea ile ishara na sikuweka nyingine mahali pake. Alichomwa sindano, akameza vidonge wiki kadhaa, mara nyingi nimevificha ndani ya kipande cha maini. Alipona, Mungu ni mwema.

Kuku sasa wako ndani ya wavu. Jioni nikifika, kabla sijavua viatu, napima kilichobaki kwa mizani yangu ndogo ya dukani na kuandika kwenye daftari la hesabu, ukurasa wa nyuma. Kikibaki zaidi ya nusu siku mbili mfululizo, namfunua ufizi na kumtafuta kupe masikioni na katikati ya vidole. Kisha bakuli linaingia ndani. Haliachwi nje usiku kwa sababu ya panya, na mkojo wa panya ndio unaosambaza homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022. Inampata mbwa na inampata mtu. Maji tu ndiyo yanabaki nje usiku kucha.

Jumapili nampitishia viganja mbavuni. Nataka nizihisi mbavu bila kubonyeza, lakini nisizione kwa macho. Kipimo cha gramu 300 hakijaondoka, na sitakiondoa. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, walifuata mbwa 48 wa aina ya Labrado maisha yao yote. Waliopewa robo pungufu ya chakula cha wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi. Miaka miwili kwa mbwa ni mingi mno.

Jirani yule wa simu ana Labrado na aliniuliza kama naye amwachie. Nilimkatalia. Yule mbwa anakula mpaka maganda ya ndizi, na watafiti wa Cambridge walikwisha kueleza mwaka 2016 kwamba karibu robo ya Labrado wana hitilafu ya jeni inayowafanya wawe na njaa kali kuliko wengine. Huyo abaki na milo yake miwili. Vilevile mwenye watoto wa mbwa. Wao wanahitaji mara tatu au nne kwa siku, na ukiwalisha kwa saa unajua saa ya kuwatoa nje kujisaidia. Na mwenye mbwa wawili, mwenye nguvu atakula vya mwenzake.

Jana mvua ya jioni ilinichelewesha stendi, nikafika saa tatu na nusu. Bobi alinirukia mpaka gauni likajaa matope ya miguu yake. Nikapima bakuli: gramu 45 zimebaki. Nikaandika.