Nilivyofanikiwa kuionyesha ureta ikijikaza maabarani

Kazi yangu ni kuandaa mazoezi ya maabara kwa wanafunzi wa udaktari, na kwa muda mrefu nilitamani waione ureta ikijikaza mbele ya macho yao. Huu ndio mrija unaoteremsha mkojo kutoka figo hadi kibofu. Kwa mtu mzima una sentimita 25 hadi 30. Jiwe likikwama humo, maumivu yake humgaragaza mgonjwa sakafuni, na daktari asiyejua mrija unaendeshwa na nini atampa dawa kwa kukariri tu.

Mirija naipata machinjioni Vingunguti, Dar es Salaam, alfajiri. Wachinjaji wa mbuzi huchomoa figo na kuuacha mrija kwenye mafuta, kwa hiyo ilibidi niombe.

"Shikamoo mzee. Naomba figo ulitoe pamoja na mrija wake, ila usiuvute."

"Marahaba mwanangu. Kwani huo nao unaliwa?"

Nilimweleza, akaelewa upesi. Siku hizi huukata kwa ustadi kunishinda. Msuli ukivutwa kupita kiasi haujikazi tena vizuri.

Nausafirisha ndani ya maji ya Krebs yaliyopozwa kwa barafu: yana chumvi, potasiamu, kalsiamu na glukosi kwa viwango vinavyokaribia vya damu. Maabarani naning'iniza kipande kifupi katika maji hayohayo, sasa yakiwa na nyuzi joto 37 na yakipulizwa oksijeni asilimia 95 na kabonidayoksaidi asilimia 5. Ncha moja naifunga kwa uzi kwenye kifaa kinachopima mvuto na kuuchora. Kisha nangoja kama saa nzima, nikibadilisha maji kila baada ya muda. Kungoja huku ndiko kunakowashinda wengi. Wanatia dawa mapema, na kipande ambacho hakijatulia hakiwezi kukuonyesha dawa imefanya nini.

Nachagua pia kipande cha juu, jirani na figo. Huko ndiko ziliko seli zinazoanzisha mapigo, na wimbi huanzia hapo likishuka kuelekea kibofu.

Mchoro ukishaanza kupanda na kushuka kwa mpangilio, wanafunzi husema mishipa ya fahamu ndiyo inayoamuru. Basi tunatia tetrodotoksini kidogo, sumu ileile ya samaki bunju, inayozima mishipa hiyo. Mikazo inaendelea! Theodor Engelmann alishasema mwaka 1869 kwamba mwendo huu unatoka ndani ya msuli wenyewe. Ndiyo maana figo lililopandikizwa, ambalo mishipa yake ya fahamu imekatwa, bado hupeleka mkojo kibofuni.

Hata hivyo mishipa ina kazi yake. Kemikali yake, noradrenalini, nikiitia, mikazo huja kwa kasi zaidi. Nikitangulia na fentolamini inayoziba vipokezi vya alfa, yaani sehemu za seli zinazoipokea kemikali hiyo, kasi hiyo haiji. Isoprenalini, inayogusa vipokezi vya beta, huulegeza msuli. Nifedipini huzuia kalsiamu, ambayo msuli huihitaji ili ujikaze, isiingie kwenye seli, na mchoro unakuwa mstari ulionyooka. Hapo darasa lote hunyamaza, nami hufurahi kila mara.

Baada ya hapo tunazungumzia wodi. Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, hupunguza prostaglandini, kemikali za mwili ambazo huongeza shinikizo ndani ya figo lililozibwa na pia huchochea mikazo. Ndiyo sababu dawa za kundi lake hutangulizwa kwa maumivu ya jiwe, isipokuwa kwa mwenye figo dhaifu. Tamsulosini huziba vipokezi vya alfa, ambavyo ni vingi zaidi sehemu ya chini ya ureta. Kinadharia ingelisaidia kila jiwe kutoka. Lakini utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 1,100, haukuona tamsulosini wala nifedipini ikiwapunguzia wagonjwa haja ya matibabu zaidi. Nalisisitiza hili, maana kipande cha mbuzi chomboni si mgonjwa. Miongozo ya wataalamu bado inaikubali tamsulosini kwa jiwe linalozidi milimita 5 lililokwama sehemu ya chini. Yaliyo madogo zaidi mengi hutoka yenyewe, na mgonjwa anachohitaji ni kutulizwa maumivu wakati akisubiri.